Kosa la Tatu

Pikapu iliteleza kwenye tope, ikabingirika hadi chini korongoni. Dereva alichomoka dirishani akilaani mvua, barabara na waliomuuzia matairi. Mkewe, fundi cherehani, alitoka na damu kwenye nyusi. Mdogo wake fundi ndiye hakutoka. Ilibidi wamvute, na mguu wake wa kulia ulikuwa umevunjika chini ya goti.

Huyu walimwita Mwamuzi, na walikuwa na sababu. Kila wikendi, cherehani zikishafunikwa, walicheza chumbani kwa fundi mchezo wa kete na hadithi, naye ndiye aliyeuendesha. Mapigano aliyaona ya kitoto. Alichopenda ni majaribu: kuvuka jangwa, kutoka pangoni. Anauliza, "Unafanya nini?" Unataja ujuzi wako, unarusha kete. Mkikosea mara tatu, mmekufa wote. Dereva, shemeji yake, aliwahi kumhonga soda ili asamehewe kosa la tatu. Wapi! Soda aliinywa, na waliuawa vilevile.

Sasa maji ya korongo yalikuwa yanapanda. Dereva aliparamia ukingo akatafute mtandao wa simu. Udongo ukameguka, akashuka kwa mgongo.

"Moja," alisema Mwamuzi, meno yakigongana.

"Hebu nyamaza, shemeji!"

Dereva akambeba mgongoni. Hatua chache tu, tope likammeza hadi magotini, wakaanguka wote wawili. Mguu uligonga jiwe. Mwamuzi alipiga yowe, kisha akalala pale pale, uso umesawijika.

"Mbili. Nendeni bwana, niacheni. Mkinibeba tena tunakufa wote."

Fundi alipandwa na hasira. "Nani kakwambia umekufa? Zamu yako bado!"

"Dada, Mwamuzi hachezi."

"Leo anacheza. Haya, unafanya nini?"

Aliuliza kwa sauti ile ile ambayo mdogo wake huwasumbua nayo kila wikendi. Mwamuzi akajiinua akaketi. Maji yalimfika kifuani, na ndipo akagundua kwamba mguu haukumuuma kama mwanzo. Maji yalikuwa yameubeba.

"Majini sihitaji mguu," alisema. "Shemeji, mpira wa ndani wa akiba upo?"

"Upo. Na pampu."

"Barabara inazunguka kilima halafu inavuka korongo hili hili, darajani. Niliiona kwenye ramani. Tunaelea. Dada, tufunge kwa lile jora la jinzi ulilopakia garini."

"La mteja?"

"Mteja akichukia, shauri yake!"

Dereva akapiga pampu mpaka mikono ikafa ganzi. Fundi akaukaza mguu kwa rula yake ya mbao, akauzungushia mpira jinzi na kuwafunga wote watatu kwenye kitambaa kimoja. Kisha wakajitosa.

Mto uliwachukua bila salamu. Mwamuzi, kifua juu ya mpira, aliona mbali kuliko wenzake waliong'ang'ania pembeni. "Kushoto! Gogo! Pigeni miguu!" Maji ya matope yaliwaingia puani. Goti la dereva lilichanika kwenye mwamba, akameza kilio na kuendelea kupiga. Walipokata kona, daraja likaonekana, na watu juu yake wakisukuma magogo kwa miti mirefu.

Hapo mpira ukakutana na tawi la miiba. Pss! Ukanywea.

"Tatu!" dereva alilia. "Yamekwisha!"

Mwamuzi, ambaye hajawahi kumsamehe mtu kosa la tatu tangu azaliwe, akatoa kichwa majini.

"Sijasikia!" alinguruma. "Unafanya nini? Piga miguu!"

Wakapiga. Walizama, wakaibuka, wakapiga tena. Mkondo uliwatupa kwenye nguzo ya daraja, na lile jora la buluu, zito kwa maji, likajiviringisha nguzoni na kukaza. Halikuchanika. Vibarua wa barabara waliwavuta juu mmoja mmoja, Mwamuzi wa mwisho, kwa amri yake mwenyewe.

Mguu ulifungwa plasta. Siku waliporudi mezani, ukiwa umeegeshwa juu ya kiti cha cherehani, wasafiri wa hadithi walipotea msituni. Dereva alikosea, fundi akakosea. Dereva akarusha tena, akatazama kete, akaachia pumzi.

"Tatu," alisema, akaanza kukusanya vitu vyake.

Mwamuzi aliziokota zile kete, akazitia mfukoni.

"Kaa chini, shemeji. Unafanya nini?"