Nani Kang'oa Geti la Msituni

Mkwe wangu inspekta ndiye aliyenisimulia haya, jana jioni, nikiwa nachambua mchele.

Asubuhi moja geti dogo la msituni lilikutwa limetoweka. Nguzo zimebaki zimesimama, watu wanapita kutembea bila tiketi, wengine wanacheka.

Inspekta aliinama kwenye nguzo. Bawaba tatu. Mbili nzima, ya juu imekatwa kwa msumeno wa chuma. Alama za vidole hakuna.

"Unamshuku nani?" alimuuliza mkata tiketi.

"Mji mzima, afande! Tangu kiingilio kianze natukanwa mimi. Choo kikichafuka naitwa mimi. Sasa bila pesa za kiingilio kitasafishwa na nini, upepo?"

Inspekta alirudi kwenye bawaba. Mwizi wa vyuma chakavu angekata zote. Huyu alijua kwamba mbili zinachomoka ukinyanyua geti, na kwamba ya juu ilipinduliwa makusudi ili lisinyanyuke.

"Geti hili lilichomelewa na nani?"

Alielekezwa kwa mzee mmoja, fundi. Geti lilikuwa uani kwake, limeegemezwa ukutani, limeanikwa mashuka mabichi.

"Bibi huyo," fundi alilalamika. "Kila kitu kwake kamba ya nguo."

"Mzee wangu, umelikata wewe?"

"Nimelikata."

"Kwa nini?"

Fundi alimtazama mkewe, aliyekuwa amesimama mlangoni na mkongojo.

"Mwenzangu mguu umepooza. Daktari kasema atembee kila siku, na msituni ndiko hakuna magari. Tiketi mbili hatuziwezi. Tukawa tunakata moja: anaingia yeye, mimi nangoja nje. Juzi akaanguka mle ndani. Namsikia ananiita, nami nimefungiwa nje na geti nililolitengeneza mwenyewe."

"Hukumwomba mkata tiketi?"

"Nilimwomba. Akasema akinifungulia mimi, kazi hana. Simlaumu. Wewe afande, leo umeingia kwa tiketi?"

Inspekta alitoa pingu. Akamvisha, akazilegeza kidogo.

Jioni bibi alifika kituoni na shuka moja, limeshakauka. Alisimama kwenye mlango wa mahabusu, akamgeukia inspekta.

"Mwanangu, na hapa kuna kiingilio?"

"Hakuna, mama. Pita."

Alipenyeza shuka kati ya nondo, akaketi kwenye benchi. Fundi alijifunika, akaanza kukoroma. Bibi alimsikiliza kitambo, akaegemeza mkongojo ukutani, naye akalala.