Tundu la Nyuma

Norhaslin, rafiki yangu, alisimamia bweni la wasichana wa kiwanda cha glavu huko Ipoh. Makufuli ya namba ya makabati yote yalifunguka pia kwa ufunguo mmoja, kupitia tundu la nyuma, na ufunguo huo aliuvaa shingoni. Siku moja alifungua kabati la Suyati, akawasomea wasichana wenzake barua zake za mapenzi. Bweni zima likaangua kicheko.

“Dada Lin, namba zangu si siri yangu?” Suyati alilia.

“Namba zako, kufuli langu. Nyamaza, bado ukurasa mmoja!”

Tangu hapo Suyati hakugusa chakula. Mwezi haukuisha akazikwa.

Siku ya kumpa msichana mgeni kabati lile, umeme ulikatika. Korido la makabati halina dirisha. Norhaslin alipapasa gizani hadi akalishika kufuli. Akataka kuligeuza apate tundu. Halikugeuka. Mgongo wa kufuli ulikuwa umebanwa kwenye matundu ya hewa ya mlango wa kabati, na huko ndani chuma kilikuwa kikikwaruza, taratibu, kikitafuta pa kuingia.

Akajishika kifuani. Ufunguo wake ulikuwepo.

Ndani, ufunguo mwingine ukazunguka, na kufuli likafunguka kiganjani mwake.