Mkono Kwenye Ngazi ya Kuchorwa

Habari hii sikuitoa mbali. Amisa anakaa nyumba ya tatu kutoka kwetu hapa Kasongo, na mpaka leo tukikutana sokoni huinamisha macho.

Alikuwa na mapacha, Mounira na Chadia. Chadia ndiye aliyegombezwa kila siku kwa kula na mkono wa kushoto. Homa ilimchukua mwaka jana, akiwa na miaka saba. Kwetu pacha akifa, aliyebaki hapewi kitu kimoja. Maandazi mawili, magauni mawili, hata chai vikombe viwili, ili aliyetangulia asijione amesahauliwa akaja kumchukua mwenzake. Amisa alishika desturi hiyo mwaka mzima. Alichoka, na nani asingechoka?

Jumamosi moja asubuhi alimpeleka Mounira kwenye ghala la zamani la pamba. Mchoraji mmoja, Gédéon, alikuwa amelijaza michoro ya kudanganya macho, kuta na sakafu. Ukisimama kwenye alama na kupigwa picha, unaonekana umekaa ndani ya mtumbwi, au unaning'inia juu ya shimo. Watoto walikuwa wakitoka wanacheka.

"Batoto wangapi?" Gédéon aliuliza mlangoni.

"Moja tu."

Neno lilimtoka hivyo hivyo. Akapewa tiketi moja.

Mchoro wa mwisho ulikuwa ngazi inayoshuka chini ya sakafu. Mounira akachuchumaa kwenye alama, akanyoosha mkono wa kulia, ule wenye shanga za buluu. Amisa akainua simu. Kwenye ngazi, mkono mdogo ulikuwa umenyooshwa kumpokea. Amisa akatabasamu. Huyu mchoraji kazi anaijua.

"Mama," Mounira alinong'ona, "mukono yake iko baridi."

Gédéon, aliyekuwa nyuma yao, akaacha kucheka.

"Mama, pale mimi sikuchoraka mukono."

Simu ikaanguka. Mkono wa Mounira ulikuwa umezama mpaka kwenye kiwiko. Sakafu ilikuwa ya saruji. Amisa akamshika mtoto kiuno. Akavuta. Kule chini nako kukavutwa. Hapo akakumbuka neno lake la mlangoni.

"Niko na wawili," akanong'ona, mdomo karibu na saruji. "Nilikosea, mwanangu. Wawili."

Kukaachia. Mtoto akamwangukia kifuani, mzima, ngozi yake baridi. Amisa alilia kwa shukrani njia nzima mpaka nyumbani.

Akaweka maandazi mawili kwenye sahani. Mtoto akachukua moja. Kwa mkono wa kushoto.

"Hii ingine," akasema taratibu, "mupelekee Mounira."

Gédéon aliondoka mchana ule ule, akaacha hata rangi zake. Ghala limefungwa. Kila asubuhi Amisa hupitisha andazi chini ya mlango, na jioni halipo. Mimi nilichungulia kwenye ufa mara moja tu, sirudii. Kwenye ngazi ile mkono mmoja umenyooshwa juu. Ni wa kulia, una shanga za buluu, na vidole vinang'aa mafuta.