Karatasi ya Foklifti Namba Nne

Tiki ya breki ilikuwa imegeuka tena. Purnomo aliishika karatasi ya ukaguzi wa foklifti namba nne. Tiki zote zilikuwa zake. Alizitia Jumatatu kwa mkupuo, za wiki nzima, huku akinywa kahawa kantini. Lakini kwenye mstari wa breki palikuwa na X nzito, na karatasi ilinuka sigara ya karafuu. Ndani ya ghala lile la unga, hapo mjini Gresik, havuti mtu. Aliyekuwa akivuta kwa kujificha ni Wagiman, na Wagiman alibanwa na namba nne kwenye nguzo ya mteremkoni. Leo ilikuwa arobaini yake.

"Kaka Pur, limeandika tena?" Lastri, mdogo wake, alinong'ona. Ndiye aliyepewa mashine ile baada ya marehemu.

"Nani kaandika? Watu wanatania tu."

"Wanitanie mimi? Jana honi imelia, ufunguo ninao mfukoni! Wenzangu wanasema ni jini limevaa sura ya Wagiman."

"Ebu nyamaza, utatutia nuksi."

Akaichana karatasi, akajaza nyingine, tiki mpaka chini. Afanyeje? Akiisimamisha mashine, ataulizwa breki alizikagua lini mara ya mwisho, na kazi itamtoka. Hajawahi kuzigusa, hata asubuhi ile aliyokufa Wagiman.

Saa tatu wakafanya selamatan, karamu ya dua. Mashine ilioshwa, ikavishwa mashada ya asumini, mbele yake wali wa manjano uliochongoka na kuku mzima. Kuku alipatikana upesi. Fundi, wala hakuitwa! Mganga, Mbah Kasdi, akaizunguka mara saba akinyunyiza maji na kusoma, na kila alipozunguka harufu ya karafuu ilizidi, ikawakaba watu koo, honi ikaanza kukoroma yenyewe kwa chini, uma zikatetemeka, mpaka mzee akapiga kelele, "Toka!" na kila kitu kikanyamaza.

Watu wakashusha pumzi. Wakacheka, wakaanza kugombea mapaja ya kuku.

Mbah Kasdi hakucheka. Alimvuta Purnomo kando. "Limekwenda, mwanangu. Ila ajabu, halikuwa na hasira hata kidogo. Lilikuwa likimzuia mtu."

Purnomo akageuka, na Lastri alikwisha panda, tani nzima ya unga juu ya uma, magurudumu ya mbele yakiingia mteremkoni, naye Purnomo akakimbia akipiga teke sahani za wali, akiita jina la mdogo wake kwa sauti asiyoijua, "Ruka, Lastri! Haina breki! Ruka!"

Lastri aliikanyaga pedali ya breki, ikazama mpaka sakafuni. Akaruka. Namba nne ikashuka peke yake, ikajibamiza kwenye nguzo ileile, unga ukatanda ghala zima.

Bi Endang, meneja, alitokea kwenye vumbi lile ameishika karatasi. "Nani ameikagua hii?"

Lastri alikuwa chini, analia, goti linavuja damu. Purnomo alimtazama.

"Hakuna," akasema. "Nilitia tiki tu. Na siku ile ya Wagiman pia."

Nyuma ya shingo yake, mahali pasipo na mtu, Purnomo akasikia pumzi ikishushwa taratibu, ndefu, ya moto, yenye karafuu.