Herufi za Bibi Harusi

Kila siku nikitoka shule nilipitia chumba cha chapa cha baba, nikabadilisha sare na kufagia vipande vya karatasi chini ya meza ya kukatia. Baba alikuwa fundi, karani na tarishi. Mimi, mwenye miaka kumi na miwili, nilijiona meneja.

Baba alikuwa na aina mbili za herufi. Ya kwanza aliichora kwa mkono wake, miaka miwili mizima, kabla ya kuiingiza kwenye kompyuta. Kila herufi ilikuwa na mistari minene na mingine myembamba kama uzi, na chini vijiguu vilivyochongoka. Aliiita Bibi Harusi, nayo ilipamba kadi za harusi, vyeti na majalada ya vitabu. Ya pili ilikuwa nene, butu, haina hata kijiguu kimoja. Aliiita Mpagazi, na ndiyo iliyobeba matangazo, tiketi na maelezo ya dawa. Mpagazi nilimdharau kwa sura yake.

Siku moja zahanati iliagiza kadi mia mbili za kuwaonyesha wazazi kipimo cha dawa ya homa. Baba alikuwa anatoka kupeleka vyeti.

"Mama, karatasi walizoleta ni duni, zinanyonya wino," aliniambia akifunga mzigo kwenye baiskeli. "Tumia Mpagazi. Umesikia?"

"Nimesikia, Baba."

Sikio la kufa halisikii dawa. Alipopiga kona tu, nikaiandika kadi yote kwa Bibi Harusi. Kwenye kompyuta ilipendeza kweli. Lakini nakala ya kwanza ilipotoka mashineni, niliona mistari myembamba imefifia. Pale nilipoandika nusu kijiko kwa tarakimu, 1/2, kimstari cha katikati hakikuonekana kabisa. Niliiona kasoro hiyo kwa macho yangu mawili. Nikajisemea, nani atahangaika na kimstari? Nikachapa zote, nikazifunga kwa karatasi ya kaki.

"Ulitumia Mpagazi?" baba aliuliza aliporudi.

"Ndiyo, Baba."

Hakufungua hata furushi moja. Aliniamini.

Wiki iliyofuata, mtoto wa jirani yetu alikimbizwa hospitali akiwa hajitambui. Tulimwita Kibonge kwa mashavu yake. Alikuwa na miezi minane, na mara nyingi nilimbeba mgongoni hadi nikalowa jasho. Uani, wifi wa mama yake alikuwa anafoka.

"Shuleni ulikwenda kula chaki? Kusoma kadi tu kumekushinda!"

Mama Kibonge, aliyerudi mara moja kuchukua nguo za mtoto, alikuwa amekaa kizingitini, kadi mkononi. "Imeandikwa moja, mbili," alisema taratibu. "Nikajua ni kimoja hadi viwili. Homa ilikuwa kali, nikampa viwili."

Nilijua kosa ni la nani. Nilimwogopa baba, nikaogopa mtaa mzima, nikanyamaza. Kesho yake asubuhi tukasikia mtoto mwingine, mtaa wa pili, amelazwa kwa dawa ileile. Hapo nikaenda kwa baba.

"Baba, nilitumia Bibi Harusi. Kimstari kilipotea. Nilikiona, nikakudanganya."

Baba alizima mashine. Nilisubiri kofi, halikuja. Aliichukua kadi niliyompa, akaitazama.

"Ngapi ziko kwa watu?"

"Sijui."

"Vaa viatu."

Muuguzi mkuu wa zahanati alitupa orodha ya waliopewa kadi, akazizuia zilizobaki. Siku mbili tuligonga milango. Baba alisimama nyuma yangu, na kila mlango nilisema mwenyewe: "Kadi hii ina kosa. Nimekosea mimi." Wengine walishukuru, wengine walinitukana. Kadi ya mwisho tuliikuta imebandikwa ukutani, juu ya kitanda cha mtoto mchanga.

"Mnaichukua?" mama yake aliuliza. "Nzuri hivyo! Nimeiweka kama pambo."

Niliibandua mwenyewe.

Tukaishia kwa Mama Kibonge, na wifi yake alikuwepo. Nilipiga magoti. "Mama, wewe ulisoma sawa. Mimi ndiye niliyekosea."

Wifi aliinamisha uso. Mama Kibonge akanitazama. "Na mwanangu akifa, utaniambia nini?"



Kibonge hakufa, wala yule mwenzake. Lakini alirudi baada ya wiki tatu, shingo nyembamba, na lile jina halikumfaa tena. Mama yake hakunipa kumbeba, nami sikuthubutu kuomba.

Jioni ile tulipomaliza kuzikusanya kadi, baba alichapa mpya kwa Mpagazi. Safari hii, badala ya tarakimu, aliandika neno "nusu" kwa herufi kubwa.

"Bibi Harusi hana kosa," alisema. "Ulimtwika mzigo usio wake. Kadi ya dawa inasomwa na mtu mwenye mtoto mgonjwa, taa hafifu, usingizi machoni. Huyo hahitaji urembo. Lakini hata hilo lingekwisha hapahapa. Nilipokuuliza, ungesema kweli, tungezichoma zote na kuanza upya. Uongo wako ndio uliozitoa mlangoni, mwanangu."

Kisha akaniwekea kadi zote mia mbili mezani, nizisome kwa sauti, moja baada ya nyingine. Nilishika ya kwanza, nikasoma nikilia: nusu kijiko.