Chuma cha Kisumu

Kila asubuhi Nyamburi alikuwa wa kwanza kufika shuleni. Alichukua chuma cha kugongea kutoka dirishani mwa ofisi, akasimama mbele ya kengele yao, rimu ya lori iliyoning'inia mtini, akaipiga kwa nguvu zake zote. Sauti ilivuka mashamba ya mtama, ikashuka hadi kisimani. Watoto waliokuwa wakijikokota njiani walianza kukimbia, na akina mama walijua muda umekwenda. Mwaka ule wa 1985 saa za ukutani zilikuwa chache katika vijiji vya Butiama, na betri za redio zilikuwa adimu kama sukari.

Nyamburi alikuwa darasa la sita, na alikuwa msichana wa kwanza kukabidhiwa kengele katika shule ile. Wavulana walidai mikono ya msichana haiwezi kufikisha sauti mbali. Hakubishana nao. Aliipiga siku ya kwanza mpaka mbwa wa mtaa mzima wakabweka, na maneno yakaishia hapo.

Mapenzi yake ya kengele yalianzia nyumbani. Katika sebule ya baba yake mdogo, Kasmiri, palikuwa na chuma kizito kilichotundikwa ukutani, na mgeni hakuondoka bila kusikia habari zake. Mwaka 1974, Kasmiri akiwa darasa la saba, timu ya mpira ya shule yao ilipanda meli Musoma ikaenda kucheza Kisumu, nchi jirani ya Kenya. Walifungwa vibaya. Basi wakaona si heshima kurudi mikono mitupu, na asubuhi ya kuondoka Kasmiri akachomoa chuma cha kengele cha wenyeji wao, akakificha ndani ya suruali.

"Nilitembea mpaka bandarini mguu haukunjiki," alikuwa akisema, huku akiigiza. "Mwalimu ananiuliza, Kasmiri umeumia? Namwambia ndiyo mwalimu, Wakenya wanachezaga rafu."

Wageni walicheka hadi wakashika mbavu. Nyamburi alicheka kuliko wote, ingawa aliijua hadithi ile mwanzo hadi mwisho.

Siku moja ikaja timu ya shule moja ya Bunda. Walicheza, wakala, wakaondoka na lori jioni wakiimba. Kesho yake Nyamburi alipopeleka mkono dirishani, hakukuta kitu. Alitafuta chini ya mti na nyuma ya ofisi. Mwishowe akaokota jiwe, akaigonga rimu kwa jiwe. Ikatoa mlio hafifu, na nusu ya shule ikachelewa.

Mwalimu Mkuu, Mwalimu Makongoro, alimsimamisha mbele ya mstari. Miaka ile majembe hayakupatikana madukani, na wahunzi waliyafua kutokana na chuma chochote walicholetewa. Kila mtu alijua hilo.

"Nyamburi, umempelekea mhunzi gani?"

"Sijapeleka kwa mhunzi, mwalimu."

"Wewe ndiye mtunzaji. Kimetembea chenyewe?"

"Jana kilikuwepo. Wageni walipoondoka hakikuwepo."

"Usiwasingizie wageni. Ukifika Ijumaa bila chuma, kengele anachukua Ngolo. Na mwizi tutajua namna ya kumshughulikia."

Neno hilo, mwizi, lilimchoma. Ngolo, kiranja wa darasa lao, alitabasamu pembeni. Nyamburi hakulia. Alirudi kwenye nafasi yake akiwa ameuma meno.

Nyumbani baba mdogo aliposikia, aliangua kicheko. "Watoto wa Bunda wamechangamka. Ndivyo tulivyokuwaga sisi." Akanyoosha mkono, akakishusha chuma chake ukutani. "Mpelekee Makongoro hiki. Mwambie kimetoka Kenya, Ulaya ndogo."

Nyamburi hakukipokea. "Sikitaki, baba mdogo."

"Hukitaki? Kinalia kuliko kile chenu."

"Hicho kina wenyewe."

"Mtoto huyu. Ule ulikuwa mzaha wa shule tu."

"Na mimi nimeitwa mwizi kwa mzaha?" Hakushusha sauti. "Huko Kisumu, kesho yake, nani alipiga kengele? Walimfanya nini?"

Kasmiri alikirudisha chuma ukutani. Katika miaka yote ile hakuna mgeni aliyewahi kumuuliza hivyo. "Mpaka wa Kenya ulikuja kufungwa," alisema hatimaye. "Ningekirudishaje?"

"Mpaka umefunguliwa."

"Nyamburi, unajibizana na baba yako mdogo?" aliuliza mama yake, Pelagia, kutoka jikoni.

"Naomba msamaha, mama. Lakini sitaigongea shule kengele kwa chuma cha wizi."

Asubuhi ya Alhamisi ukuta wa Kasmiri ulikuwa mtupu. Alijua ni nani amekichukua, akamfuata mtoto kwa baiskeli mpaka Kiabakari, akamkuta kando ya barabara katikati ya abiria waliosubiri gari la Tarime. Alikuwa amekipakata chuma mapajani.

"Inuka twende nyumbani."

"Shikamoo, baba mdogo. Siendi nyumbani. Naenda Kisumu."

"Utafikaje wewe?"

"Kama ulivyofika wewe. Ulikuwa darasa la saba."

Mama mmoja muuza ndizi akasogea. "Kasmiri, hicho si kile chuma chako? Hebu tusimulie kidogo tunaposubiri gari."

"Ndicho," alijibu Nyamburi kwa sauti ya kusikika na wote. "Tunakirudisha kwa wenyewe. Yeye na mimi."

Abiria walimgeukia Kasmiri. Alitazama baiskeli yake, akamtazama binti wa kaka yake aliyekaa pale bila kutikisika. Akamwachia muuza ndizi ile baiskeli na salamu za nyumbani. Gari lilipofika, alipanda yeye kwanza, akampa mkono mtoto apande.

Mpakani Sirari, watu waliotoka Kenya walitembea kwa tahadhari, wamefungia sabuni za magendo viunoni. Askari alikipima chuma mkononi, akawashangaa. "Wenzenu wanaleta vitu, ninyi mnapeleka?" Akawaruhusu kupita.

Shule ya Kisumu ilikuwa na kengele mpya ya shaba. Mwalimu mmoja mzee alikigeuza chuma kile huku na huku, kisha akauliza, "Mlikitoa wapi?" Kasmiri alieleza, safari hii bila kuigiza. Mzee hakucheka hata kidogo. Alimwita mwanafunzi awapeleke stendi, kwa mtu anayeitwa Okoth, anayeziba pancha za baiskeli. "Yeye ndiye aliyekuwa mpiga kengele," alisema.

Okoth alikuwa ameinama kwenye beseni la maji. Kasmiri alimwekea kile chuma mbele yake, akasema alivyokichukua, akaomba radhi. Okoth alijifuta mikono polepole, akakiokota.

"Viboko nilizoea," alisema. "Lakini baba aliambiwa nimekiuza. Akasema hataki kusomesha mwizi, akanitoa shule. Nilimwapia, hakuniamini."

"Niko tayari kumwona mzee wako, nimweleze mwenyewe," alisema Kasmiri.

"Mzee alishakufa."

Nyamburi alisogea karibu na baba yake mdogo. Okoth alimtazama.

"Na huyu ni nani?"

"Ni mwanangu, wa kaka yangu. Ni yeye aliyenileta."

"Na mimi ni mpiga kengele," alisema Nyamburi. "Na mimi wameniita mwizi."

Okoth alikifunga chuma ndani ya koti lake, akakiweka juu ya kiti. "Nikifunga kazi nitampelekea mama. Yeye bado yupo," alisema. "Naye alikuwa upande wa baba."

Walilala kwa yule mwalimu mzee. Waliporudi siku ya Ijumaa, Kasmiri hakushuka Kiabakari. Walikwenda moja kwa moja mpaka Bunda, kwenye ile shule, naye akaomba ruhusa awasimulie wanafunzi hadithi. Aliisimulia kama alivyoisimulia sebuleni, kwa mguu usiokunjika na kila kitu, na wanafunzi wakacheka mpaka machozi. Halafu akawasimulia habari za Okoth. Kicheko kilikatika. Kabla hajamaliza, kijana mmoja wa timu alitoka mstarini akiwa ameinamisha kichwa, akaingia darasani, akarudi na chuma kimeviringishwa ndani ya jezi. Akakiweka mikononi mwa Nyamburi.

Ijumaa ilikuwa imepita. Jumatatu Ngolo alikuwa ameshika jiwe mkononi Nyamburi alipoingia uwanjani na chuma, Kasmiri akimfuata. Mwalimu Makongoro alisikiliza habari yote, akapumua kwa nafuu.

"Vizuri sana. Basi kagonge, tumechelewa."

Nyamburi hakusogea. "Mwalimu, uliniita mwizi mbele ya mstari. Naomba uliondoe neno hilo mbele ya mstari, ndipo nigonge."

Hakuna aliyewahi kusema na Mwalimu Mkuu namna ile. Mwalimu Makongoro alimtazama Kasmiri, na Kasmiri akasema taratibu, "Mwalimu, kuna mtu Kisumu amesubiri neno hilo liondolewe tangu utotoni, na aliyepaswa kuliondoa hayupo tena."

Mwalimu Mkuu alivua kofia yake.

"Wanafunzi, Nyamburi si mwizi. Nilimhukumu kabla ya kuchunguza, na nimekosea. Ninyi nanyi mjifunze. Mkienda ugenini, iwe Bunda au nchi nyingine, rudini na mlichopewa na mlichojifunza. Mnachokichukua kwa siri mkakiita mzaha, yupo mtu anayebaki nyuma kukilipia, na ninyi hamtamwona akilia. Na anayesingiziwa asinyamaze. Aseme kweli kwa heshima, aseme tena, mpaka asikilizwe."

Kisha akamgeukia Nyamburi. "Imetosha?"

"Imetosha, mwalimu. Asante."

Alikwenda mtini, akakiinua chuma, akaipiga rimu. Hakuipiga kama ilivyokuwa desturi. Aliipiga mpaka wanawake wakasimama mashambani wakitazama upande wa shule, na Mwalimu Mkuu hakumwambia aache.