Shukrani Iliyoitangulia Kazi

Mambo yote yaliharibika Jumapili, tarehe 15 Oktoba 2023, katika misa ya pili kule Nguba, mtaa wa kando ya ziwa, na aliyeyaharibu alikuwa mtoto wa soksi nyeupe aliyesukwa nywele vizuri.

Asubuhi hiyo Bintu aliamka kama kawaida. Aliteka maji ziwani kwa sababu bomba lilikuwa kavu, akawasha makaa kwa sababu umeme ulikuwa umekatika, kisha akapiga pasi shati la baba yake. Wakubwa wanaosimamia maji na umeme walikuwa bado wamelala, na bila shaka kwao taa zilikuwa zinawaka.

Bintu alikuwa na miaka kumi na miwili. Aliishi na baba yake, Mwalimu Constantin, wawili tu, tangu mama yake alipofariki hospitalini huku baba akizunguka mjini kutafuta pesa ya dawa. Wakubwa wetu hawasahau siku ya kuchukua kodi, lakini siku ya kulipa walimu huwatoka kichwani. Ndiyo maana Mwalimu Constantin alianza kusoma uhasibu jioni, pamoja na vijana waliomwita muzee, mpaka akapata cheti. Sasa benki mbili zilikuwa zinamtaka.

Ya kwanza ilikuwa mjini, jengo la vioo toka chini hadi juu. Kazi yake ilikuwa kukaa kwenye kiti kinachozunguka, tai shingoni. Ya pili ilikuwa Kavumu, ofisi ndogo kando ya barabara, mlangoni pake wamejaa wauza nyanya. Kazi yake ilikuwa kupanda pikipiki, kula vumbi, na kutembelea wakulima wanaoomba mkopo, ili kuhakikisha kwamba ng'ombe waliowataja ni wao kweli, si wa jirani.

Bintu alikuwa amekwisha kuchagua. Shuleni, rafiki yake Priscille wa mtaa wa Muhumba hakumaliza siku bila kutaja tai za baba yake. "Papa wangu iko na kravati ya kila siku," alisema. "Wako iko na chaki tu."

Katika parokia hiyo, mtu akipata mtoto, diploma au kazi, huomba misa ya shukrani, na jina lake husomwa mbele ya waumini wote. Ijumaa Bintu akaenda kwa katekista Jean-de-Dieu, akatoa sadaka yake, akamwambia la kusoma. Hakumwuliza baba yake. Alifikiri kwamba jambo likishatangazwa kanisani, baba hataweza kuchagua jingine.

Jean-de-Dieu hajawahi kusoma kitu kwa sauti ndogo. Akakishika kipaza sauti kwa mikono miwili: "Misa hii ni ya kumshukuru Mungu kwa ajili ya Mwalimu Constantin, ambaye amepata kazi katika ile benki ya vioo ya mjini."

Watu wakapiga makofi. Mwalimu Constantin alikuwa anafanya ishara ya msalaba. Mkono wake ukakwama begani. Kwenye kwaya, Maman Agathe akafunga kitabu chake cha nyimbo. Maman Agathe ndiye aliyekuwa mkuu wa benki ya Kavumu, na alikuwa anangoja jibu la mwalimu hadi kesho yake. Wimbo uliofuata uliimbwa bila yeye, na kwaya nzima ikapotea njia kabla ya ubeti wa pili.

Nje ya kanisa, Tonton Willy, kinyozi wa mtaani, alimkumbatia mwalimu. "Mwalimu, toka zamani nasema weye ni ndugu yangu."

"Toka lini?"

"Toka zamani. Ila ulikuwa hauna banki." Akamweleza habari za saluni mpya, viti vinne, vioo pande zote, na mkopo ambao ndugu hawezi kumnyima ndugu. Kabla hajamaliza, mama mmoja akampakatisha mwalimu jogoo mzima, akaondoka akisema atarudi na fomu zake za mkopo. Mwalimu Constantin akarudi nyumbani na jogoo kwapani, akisalimiwa njia nzima na watu ambao jana walikuwa hawamwoni.

Nyumbani alimfunga jogoo kwenye mguu wa meza, akaketi.

"Bintu, nani alimutuma Jean-de-Dieu?"

"Ni miye, Papa."

"Na nani alikwambia nimechagua ya vioo?"

Bintu akatazama soksi zake. "Hakuna mutu. Niliona kravati itakufaa."

Mwalimu alicheka kidogo, kicheko kisichofika machoni. "Sikia. Nilizipa zote mbili ulizo moja: nikikosa kuleta wateja, nitakula nini? Ule kijana wa ya vioo akatabasamu, akasema, 'Papa, kwetu tunafikiri ushindi.' Kumbe mushahara wenyewe unatoka kwa wateja utakaoleta, na baada ya miezi sita wanaweza kukufukuza. Maman Agathe yeye alisema, 'Utakula mushahara wako, halafu tutazungumza.' Na tena Kavumu wanalipa hospitali ya mutoto wa mufanyakazi."

Aliposikia neno hospitali, Bintu akamkumbuka mama yake. Tai ya baba yake Priscille ikawa ndogo ghafla.

Tonton Willy, aliyekuwa amewafuata kwa ajili ya saluni yake, akaingilia kati. "Neno rahisi hilo. Mwambieni Maman Agathe kwamba katekista alikosea. Jean-de-Dieu amezoea kulaumiwa."

Mwalimu akasimama. "Twende kwa Maman Agathe," alimwambia binti yake.

Wakapanda wawili hadi Muhumba. Maman Agathe aliwapokea mlangoni, bado amevaa kitenge cha kwaya. "Mwalimu, karibu. Nasikia tayari umeshukuru. Nilikuwa natafuta namba ya yule mwingine aliyeomba nafasi yako." Halafu akainama kidogo kwa Bintu. "Ao ni katekista alikosea, mutoto wangu?"

Uongo ulikuwa umefunguliwa mlango na kuwekewa kiti. Bintu alihitaji kusema "ndiyo" tu.

"Hapana, Maman," alisema. "Jean-de-Dieu alisoma vile nilimwambia. Papa hakujua. Papa alitaka kwenu. Miye nilitaka kravati."

Mabega ya Maman Agathe yakaanza kutikisika, na ile sauti iliyokosekana kanisani ikajaa ua mzima kwa kicheko. "Kravati," alisema akifuta macho. "Kavumu hata ng'ombe watamucheka." Akageuka kwa mwalimu. "Nafasi bado iko yako. Kazi yetu ni kuambiwa uongo toka asubuhi mpaka jioni. Nyumba yenye kulea mutoto wa namna hii, nitaipata wapi tena?"

Wakiteremka kurudi Nguba, Mwalimu Constantin alimshika Bintu mkono. "Usitangaze lisilo lako, hata kama ni jema. Na kazi usiipime kwa jengo wala kwa nguo. Uliza itakulisha namna gani siku ya shida. Ukikosea, sema mapema, kwa mdomo wako mwenyewe. Anayemtupia mwingine kosa lake ana makosa mawili."

Jogoo alirudishwa kwa mwenyewe jioni hiyo, pamoja na fomu alizokuwa amekwisha kuzileta.

Jumatatu mwalimu alitia sahihi mkataba wa Kavumu. Jumanne alikwenda shuleni kuaga darasa lake la tano, watoto waliobanana wanne wanne kwenye dawati. Direkta wa shule alitoa hotuba ndefu kuhusu upendo wa taifa kwa walimu wake. Watoto walipiga makofi walipoambiwa wapige.

Kisha Ulrich, aliyekaa mbele kwa sababu haoni mbali, akainua kidole.

"Mwalimu, kesho nani atatufundisha?"

Mwalimu Constantin akamtazama direkta. Direkta akatazama picha ya mkubwa wa nchi iliyotundikwa juu ya ubao.